Farumi Yenye Miguu

Ukitaka kujua nani ana kazi ngumu kwenye mashindano ya mashua pale Lamu, usimwangalie nahodha. Mwangalie jamaa aliye kwenye ubao. Ncha moja ya ubao imebanwa ndani ya chombo, nyingine imetokeza juu ya maji upande wa joshi, yaani kule upepo unakotoka, na yeye kakalia ncha ya nje. Upepo ukizidi anasogea nje zaidi. Ukilegea anarudi ndani mbio, la sivyo wote wataoga. Mashua ikigeuza upande, ubao unahamishwa, na mifuko ya mchanga nayo inarushwa ng'ambo.

Mchanga huo ndio farumi, uzito wa kutuliza chombo. Hesabu yake ni rahisi: tanga linakilaza chombo, uzito unakiinua, na kinachohesabika ni kilo mara umbali kutoka katikati. Mtu wa kilo 70 aliye mita 2 nje anafanya kazi ya wawili wa kilo hizo walio mita 1. Chombo kikilala sana, tanga linapoteza nguvu, usukani unakuwa mzito, na kinaanza kwenda ubavu badala ya mbele. Omo na tezi pia zina mambo yao. Upepo mdogo, mabaharia wanasogea mbele ili tezi isiburute maji. Chombo kikianza kuteleza juu ya maji, wanarudi nyuma. (Kondakta anayekwambia "songa nyuma" ana sababu zake nyingine kabisa.)

New York ya karne ya 19 ilijua mchezo huu. Vyombo vilikuwa vipana, vya kina kifupi, vyenye matanga makubwa kupita kiasi, na farumi yao ilikuwa mifuko ya changarawe ya zaidi ya kilo 20 kila mmoja. Kila wakibisha, mifuko yote ihamishwe. Ukichelewa, chombo kinapinduka. Mabaharia walitafutwa kwa misuli.

Lakini kisa kinachonikera ni cha Sydney. Mwaka 1891 Mark Foy, tajiri wa maduka, alianzisha klabu ya mashindano, na vyombo vya futi 18 vikawa burudani ya watu wa kawaida waliojaa feri kutazama. Chombo kimoja kingeweza kubeba watu kumi na zaidi. Wakienda kinyume na upepo, kila mwili ulihitajika. Wakishageuka na upepo ukaja kwa nyuma, miili ile ile ikawa mzigo tu. Basi wapo manahodha walioamuru baadhi ya watu wao wajitose majini. Bandari ya Sydney ina papa, kumbuka. Dakika tano zilizopita ulikuwa baharia; sasa wewe ni mfuko wa mchanga unaojua kuogelea.

Waingereza nao walifika kwenye wazo la ubao kwa njia yao. Mwaka 1938, kule Falmouth, Peter Scott na John Winter walishinda kombe la Prince of Wales kwa chombo cha futi 14 kilichoitwa Thunder and Lightning. Siri ilikuwa waya uliofungwa juu ya mlingoti: mmoja wao alining'inia kwao, miguu ukingoni, mwili wote nje juu ya maji. Wenzao wakapiga marufuku waya huo baada ya ushindi. Ati si haki! Ulirudi kupitia vyombo vingine, na Flying Dutchman iliingia nao Olimpiki mwaka 1960.

Mwaka huo huo, Paul Elvstrøm wa Denmark alichukua dhahabu yake ya nne mfululizo, tangu 1948. Yeye hakuwa na waya. Alijitengenezea benchi nyumbani, akafanya mazoezi ya kuning'inia kwa nguvu za mapaja na tumbo mpaka akaweza kukaa nje muda ambao wapinzani walikuwa wamechoka na kuingia ndani.

Wengine wakatafuta njia ya mkato: kuvaa sweta juu ya sweta, zote zimelowa. Migongo ikaumia, sheria ikaja. Siku hizi kikomo cha kawaida cha mavazi na vifaa vya mwilini ni kilo 8, na mwamuzi anaweza kuchukua nguo zako, kuzilowesha, kuzitundika dakika moja zichuruzike, kisha kuzipima. Mwili wenyewe hapimi.