Turubai la Ifo na swali la mbachao

METHALI zina tabia ya kumuumbua mwalimu. Mwezi jana nilikuwa Ifo, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, kilomita 100 hivi kutoka mjini Garissa. Mwanafunzi wangu wa zamani anafundisha Kiswahili huko, akaniomba nizungumze na Kidato cha Tatu. Nikaandika ubaoni: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Nikaeleza kama ninavyoeleza siku zote. Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliolika kwa kutumiwa. Mbachao ni mbacha wako, kama vile mumeo alivyo mume wako. Msala ni mkeka wa kuswalia, mzuri kwa macho, ila huo unapita tu. Darasa lilielewa upesi, kwani Ifo msala hauhitaji kamusi.

Kisha msichana mmoja akainua mkono. “Mwalimu, na kama huo wa kupita haukupita? Turubai ya kwetu ililetwa ya muda tu. Mama anaishona mpaka leo.”

Nilimjibu ovyo ovyo, nikasema kengele imekaribia. Swali lake sikuliacha darasani, nimerudi nalo nyumbani.

Ifo ilifunguliwa 1991, mwaka ambao serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia na watu wakamiminika kuvuka mpaka. Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992. Zote tatu zilikusudiwa watu 90,000, tena kwa muda. Kufikia 2011, mwaka wa ukame na njaa, Dadaab ilikuwa na zaidi ya watu 450,000.

Wengi waliokuja walikuwa wafugaji waliozoea aqal, nyumba ya mviringo ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, ambayo hubomolewa na kupakiwa juu ya ngamia. Kusuka mikeka hiyo na kuisimamisha nyumba ni kazi ya wanawake. Kambini fito zilibaki, lakini nafasi ya mikeka ikachukuliwa na turubai na matambara.

Sasa, turubai halizeeki kama mkeka. Mkeka hufumuka kidogo kidogo, ukakupa muda wa kuuwahi. Turubai hupigwa na jua hadi likakauka, halafu siku moja likapasuka pale lilipokunjwa au kukazwa kamba. Anayelitunza hana budi kulikagua kila mara kabla ya mvua. Nyumbani kwa yule msichana niliona viraka vya magunia ya chakula vimeshonwa juu ya viraka vingine, hata sikujua turubai lenyewe ni lipi.

Mlango wao ni wa makopo ya mafuta ya kupikia ya msaada, yale ya lita nne yenye maandishi ya USA. Kopo hukatwa juu na chini, likapasuliwa ubavuni, likanyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa kwenye mbao. Kutu huanzia palipokatwa na penye tundu la msumari, kwa sababu hapo ngozi ya bati imejeruhiwa.

Ufundi huu si mgeni nchini. Enzi za ukoloni, madebe ya mafuta ya taa yalinyooshwa vivyo hivyo yakawa kuta na mapaa ya nyumba za Waafrika jijini Nairobi. Debe lenyewe limetupa kipimo cha mahindi sokoni, methali ya debe tupu, na hata jina la sanduku la kura. Kuhusu kopo la Ifo, USAID, shirika la Marekani lililokuwa likigharimia misaada kama hiyo, lilifungwa rasmi Julai 1, 2025. Mlango ungalipo.

Hapa ndipo sarufi iliponifumbua macho. Hebu tazama vitenzi vyetu vya kuchakaa: nguo huchujuka, soli hulika, mkeka hufumuka, turubai hupasuka, shati huraruka. Vingi vinaishia kwa -ka, na havimtaji mtenda. Kitu hujichakalia chenyewe, ungedhani hakuna aliyekigusa. Lakini njoo kwenye utunzaji: kushona, kuziba, kunoa, kusuka, kupigilia. Hapo lazima pawe na mtu. Ukisema “anashona”, tayari umemtaja.

Nadhani historia ya Ifo tumeiandika kwa vitenzi vya kundi la kwanza. Tunasema kambi imekongoka, kambi imechakaa. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hatua hiyo inakiuka Katiba. Mwaka 2021 ikatolewa ilani nyingine, nayo 2022 ikapita kambi zikiwapo. Mnamo 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi pamoja na wenyeji. Katika yote hayo, ni nani aliyeuliza makazi haya ya muda yamesimamaje kwa zaidi ya miaka 30? Hayakusimama yenyewe.

Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Wanaopanga Ifo mpya, na wauzingatie. Kikuukuu kinachodumu kina mtu nyuma yake anayejua kinavujia wapi. Huyo ndiye wa kuulizwa kwanza.

Basi, binti yangu, jibu langu limechelewa lakini ndilo hili. Turubai lenu lilikuja likiwa msala upitao. Halikugeuka mbachao kwa sababu lilizeeka, kwani hata lililotupwa jalalani limezeeka. Limekuwa mbachao kwa sababu mama yako analishona. Uliponiuliza ulimtaja katika sentensi yako ya mwisho, nami kwa haraka ya kengele sikumsikia.