Ngiri: Hofu Iliyokuwa na Sababu

Babu akitaka kukohoa, mkono wa kulia ulishuka kwanza. Aliushikilia kwenye kinena juu ya kikoi, akakohoa, akautoa, stori ikaendelea. Sisi wajukuu tulidhani ni mazoea ya wazee tu. Kumbe alikuwa anazuia utumbo usitoke. Alikuwa amefanya uhamali Kongowea miaka na miaka, magunia mgongoni, na ngiri yake ilifika saizi ya embe kabla hajamwambia hata nyanya.

Hospitali hakutaka kuisikia. "Wakinikata huko, mimi si mwanamume tena," alimwambia baba. Tulimcheka, tukasema ni ushamba. Tangu hapo nimesoma historia ya ugonjwa huu na nimegundua nina deni la msamaha. Babu alikuwa na haki ya kuogopa, ila tu habari zake zilikuwa zimepitwa na miaka mia moja na zaidi.

Ngiri ni tundu. Ukuta wa tumbo ukiwa na sehemu dhaifu, kilicho ndani, mafuta au utumbo, husukumwa nje na uvimbe ukaonekana chini ya ngozi. Ukilala unarudi, ukisimama unatoka tena. Ya kitovu tunaijua sote: watoto wengi huwa nayo, na nyingi hujifunga zenyewe kabla mtoto hajafika miaka 5. (Ile sarafu inayofungwa juu ya kitovu haina kazi, mama asinikasirikie.) Kuna ya juu ya paja, ambayo wanawake huipata zaidi ya wanaume, na kuna ile inayotokea kwenye kovu la operesheni ya zamani. Lakini inayoongoza ni ya kinena, na hiyo ni ya wanaume hasa.

Sababu ni maumbile. Kabla mvulana hajazaliwa, korodani zake hushuka kutoka tumboni zikipitia kijia kidogo pale kinenani. Kwa wengine kijia hicho hakifungi vizuri. Kwa wengine ukuta huchoka ukubwani, kwa umri, kikohozi kisichoisha, kufunga choo au mizigo mizito. Sasa angalia balaa yenyewe: njia inayotumiwa na ngiri ndiyo njia ya mishipa inayolisha korodani. Ukiiziba yote, korodani inakufa. Ukiiacha wazi, ngiri inarudi.

Karne nyingi jibu lilikuwa rahisi na la kikatili. Celsus, kule Roma katika karne ya 1, alieleza upasuaji unaoiacha korodani mahali pake. Lakini Paul wa Aegina, katika karne ya 7, alifundisha kuitoa pamoja na mfuko wa ngiri, na somo hilo ndilo lililoshika. Ulaya ilikuwa na wakataji wa ngiri waliozunguka mji hadi mji na visu vyao. Dawa ya usingizi hakuna, usafi hakuna. Katika karne ya 16 Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa wafalme wa Ufaransa, aliipinga tabia hiyo ya kuhasi watu ovyo. Aliyeweza alivaa mkanda wa kubana uvimbe, akaishi nao hadi kufa. Mimi pia ningevaa mkanda, bana.

Usingizi wa etha ulikuja 1846. Mwaka 1867 Joseph Lister akachapisha njia yake ya kuua vijidudu kwenye vidonda. Mwaka huohuo, karibu na Roma, kijana Edoardo Bassini alikuwa vitani na wafuasi wa Garibaldi. Alikuwa amemaliza udaktari mwaka uliotangulia tu. Askari wa Papa walimchoma singe kwenye kinena cha kulia, ikafika hadi utumboni, na kinyesi kikawa kinatokea kwenye kidonda. Alipona polepole sana. Sitaki kudai kwamba kidonda kile kilimfanya apende kinena, lakini miaka 17 baadaye, akiwa Padua, alianza upasuaji uliobadilisha kila kitu. Alifungua kijia, akafunga mfuko wa ngiri juu kabisa, kisha akajenga upya ukuta wa nyuma kwa mishono ya hariri, tabaka juu ya tabaka, na kuilaza mishipa ya korodani juu yake ikiwa salama. Aliwafuatilia wagonjwa wake kwa miaka. Kati ya operesheni zaidi ya 250, ngiri zilizorudi hazikufika 10.

Tatizo lililobaki ni kwamba mishono huvuta nyama, na kinachovutwa huuma na huweza kuachia. Mwaka 1958 Francis Usher, Mmarekani, alianza kuripoti kazi yake ya kuweka wavu wa plastiki. Katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein, Los Angeles, akaufanya kuwa kawaida: huvuti chochote, unaweka kiraka. Siku hizi wengine hufanyiwa kwa kamera, kupitia matundu madogo.

Wavu wa kiwandani ni ghali, basi madaktari India wakajaribu neti ya mbu iliyosafishwa kwa mvuke. Uganda mashariki ikapimwa sawasawa: wanaume 302, wengine neti, wengine wavu wa bei. Matokeo yalichapishwa 2016. Baada ya mwaka mmoja, tofauti ya maana haikuonekana. Neti! Ile tunayolalia chini yake.

Ya Babu ilinasa usiku mmoja. Utumbo ukikwama kwenye tundu, damu haifiki, unaanza kuoza. Hapo ni saa, si siku. Uvimbe ulikuwa mgumu, haurudi, anatapika. Tulimkimbiza kwa tuktuk. Walikata kipande cha utumbo, wakamshona.

Alipoamka hakuuliza kuhusu utumbo. Alimwita daktari karibu, akamnong'oneza, "Mwanangu, zote ziko?"

"Zote, mzee."

Akaingiza mkono chini ya shuka ahakikishe mwenyewe.