Dhahabu ya Mto Yala na Ahadi ya Ardhi

Mito yetu ya Machakos yajulikana kwa mchanga wake, wala si kwa dhahabu. Hata hivyo, iko habari ya mto mwingine, ulio mbali nasi upande wa magharibi, ambayo yafaa ikumbukwe na kila mwenye shamba kando ya maji.

Mto Yala hutoka katika nyanda za juu za Nandi, hupita nchi ya Waluhya, kisha huishia katika Ziwa Victoria. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, mlowezi wa upande wa Eldoret, alipata dhahabu katika nchi ya Kakamega. Siku hizo bei ya mahindi ilikuwa imeanguka, na nzige walikuwa wameharibu mashamba. Kwa hiyo walowezi wengi waliacha majembe wakashika makarai. Walichota changarawe ya mtoni, wakaitikisa majini hata mchanga mwepesi ukachukuliwa, na chembe za dhahabu, kwa uzito wake, zikabaki chini. Wenyeji waliajiriwa kuchimba mitaro katika nchi yao wenyewe.

Sasa tuitazame sheria. Mwaka 1930 Serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba ardhi zilizotengewa Waafrika ni zao milele. Sehemu ikitwaliwa, sharti Baraza la Wenyeji lijulishwe kwanza, na ardhi nyingine ya kiasi hicho itolewe badala yake. Desemba 1932, kwa sababu ya dhahabu, sheria hiyo ilibadilishwa: penye madini, haikuwa lazima tena kulijulisha baraza, wala kutoa ardhi badala ya ardhi, fedha ilitosha. Milele ile ilidumu miaka miwili. Na sheria hiyo haikuwa ya Kakamega peke yake. Ukambani nao ulikuwa chini yake.

Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Wenye mgodi waliondoka, mashimo yakabaki, na hata leo wako watu wachimbao huko kwa mikono.

Nasi tuna mali mtoni. Mchanga hutuwekea maji wakati wa kiangazi. Malori yakiuzoa wote, maji nayo hutoweka. Basi, ajapo mtu na karatasi yake kutaka mchanga, tumwulize kabla koleo halijagusa mto: ni nani waliokubali, na watabakiwa na nini?