Kiasi: Neno la Kale na Usalama wa Mshindiliaji

Katika makala haya tunakusudia kulitazama neno kiasi, ambalo wazee wetu walilitumia kwa maana iliyokaribia kusahauliwa. Katika kamusi za awali za Kiswahili, kiasi cha bunduki ni kile kifurushi kizima chenye baruti na risasi ndani yake. Siku hizi wengi wetu hukiita risasi tu. Badiliko hili laonekana dogo, lakini mtu anayejifunza kushindilia upya maganda yaliyokwisha kupigwa aweza kulilipia kwa macho yake.

Tuanze na bunduki zenyewe. Za mrao, za gumegume, na baadaye za fataki, zilishindiliwa kupitia mdomoni. Mwindaji alimimina baruti mtutuni, akaishindilia kwa mdeki, akatia risasi au marisau. Mwenye bunduki ya fataki akamalizia kwa kuiweka fataki juu ya kifa. Kila mlio ulihitaji kupimiwa, na aliyezidisha aliweza kupasukiwa na mtutu. Basi si ajabu kwamba kifurushi kilichopimwa tayari kiliitwa kiasi: jina lilitaja jambo lililo kubwa kuliko yote. Risasi, kwa upande wake, ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini, yaani yale mazito yayeyushwayo na kumiminwa kalibuni.

Ujuzi huo wa kupima ulidumu kwetu pia kwa sababu za kisiasa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha mpya kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ila uliacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Hivyo gobori liliendelea kushindiliwa kwa mkono wakati kwingineko viasi vya shaba vimekwisha kuenea.

Huko kwingineko kushindilia kulichukua sura mpya. Mwaka 1866 Hiram Berdan wa Marekani na Edward Boxer wa Uingereza walibuni, kila mmoja kwa njia yake, fataki ya kutiwa katika kitako cha ganda. Ganda la Boxer lina tundu moja katikati, hivyo sindano hupita na kuisukuma nje fataki iliyokwisha kutumika. La Berdan kwa kawaida lina vitundu viwili vya kando, nalo ni gumu kufanyiwa hivyo. Ajabu ni kwamba ubunifu wa Mwingereza ndio ulioenea Marekani, na wa Mmarekani ukaenea Ulaya. Kwa hiyo Mmarekani wa kawaida aliweza kushindilia upya nyumbani. Na mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko Connecticut, akauza vyombo vya kazi hiyo.

Faida yake ni wazi. Ganda ndilo sehemu ya gharama kubwa, nalo hutumika tena na tena mpaka shingo yake ipasuke. Ratili moja ya baruti ina greni 7,000. Kiasi kikihitaji greni 40, ratili hiyo hutoa viasi 175. Lakini vyombo hununuliwa kwanza, kwa hiyo apigaye mara chache kwa mwaka hataiona akiba hiyo upesi.

Mwaka huohuo wa 1884 Paul Vieille wa Ufaransa alivumbua baruti isiyo na moshi, na hapo ndipo hatari ya lugha ilipoingia. Aliyezoea kulijaza ganda kwa baruti nyeusi hawezi kufanya hivyo kwa baruti hii mpya, kwani nguvu yake ni kubwa mno. Tena, kwa kuwa huchukua nafasi ndogo, ganda laweza kupokea vipimo viwili bila mtu kutambua. Kwa sababu hiyo mshindiliaji hufuata kitabu cha vipimo, huanzia chini ya kipimo cha juu, huweka baruti ya aina moja tu mezani, huchungulia kila ganda kabla ya kuchomeka risasi, huvaa miwani ya kukinga macho, havuti sigara, na hunawa mikono kwa sababu ya sumu ya risasi. Na kazi yenyewe huifanya pale tu sheria ya silaha ya nchi yake inaporuhusu.

Sasa na tufikirie kitabu hicho kikitafsiriwa kwa Kiswahili cha leo: “Jaza risasi kwa baruti.” Risasi ipi? Baruti gani? Na kujaza ni hadi pomoni? Maneno manne yamebeba makosa matatu, na kila kosa laweza kuvunja bunduki na mkono ulioishika.

Twapendekeza, basi, kiasi kirudishiwe maana yake ya kifurushi kizima. Risasi ibaki kuwa kile kirukacho. Ganda liwe chombo cha shaba. Fataki iwe kiwashio. Kipimo kiwe uzito wa baruti. Na baruti itajwe daima kuwa ni nyeusi au isiyo na moshi. Badala ya kujaza, tuseme kushindilia upya. Hapana neno hata moja hapa tulilolibuni sisi. Wazee walikwisha kutupimia. Kazi yetu ni kutomwaga.