Pikipiki ya Kiingereza na Masafa ya Mbali

Pikipiki ni jina lililoigwa kutoka katika mlio wa chombo chenyewe. Yamkini waliolitunga hawakuwa wapandaji, bali watu waliosimama kando ya njia, wakakisikia chombo kikija, wakakitazama kikipita na kuwaachia vumbi. Historia ya safari ndefu za chombo hiki, kinyume chake, imeandikwa na wapandaji. Yafaa pande hizi mbili zipimwe kwa mizani moja.

Tarehe 11 Desemba, 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther yenye injini ya sentimeta za ujazo 600. Ubavuni ilifungwa kigari cha abiria, na nyuma ilikokota tela la mizigo. Injini iliwaharibikia katika jangwa la Sahara, ikaundwa upya Agadez. Waliendelea hata wakapita Afrika ya Mashariki, na tarehe 29 Julai, 1935 waliingia Cape Town. Zama zile wengi walidhani kazi kama hiyo yazidi nguvu za mwanamke. Miezi saba na nusu ilitosha kuivunja dhana hiyo. Hata hivyo, kitabu cha Wallach juu ya safari hiyo kilichapishwa mwaka 2001, yeye akiwa amekwisha kufa.

Mwezi wa Oktoba, 1973 Ted Simon naye aliondoka London kwa Triumph ya sentimeta za ujazo 500. Alishuka Afrika, akapita Kenya na Tanzania, kisha akaizunguka dunia kwa miaka minne na kukata kilometa zipatazo 103,000. Jambo la ajabu ni kwamba mwezi mmoja kabla yake wafanyakazi wa kiwanda cha Triumph huko Meriden walikuwa wamekizuia kiwanda chao kisifungwe. Chombo kilianza safari ya dunia hali nyumba kilikozaliwa ikitikisika. Pikipiki za Kijapani zilikwisha kuliteka soko, na mwaka 1983 kiwanda cha Meriden kilikoma. Royal Enfield, ambayo ilianza kuundwa Madras mwaka 1955, iliokoka kwa kuwa ilipata makao mapya Uhindi.

Sasa, msomaji, tufanye hesabu ndogo. Kilometa 103,000 kwa miaka minne ni kama kilometa 70 kwa siku. Kijana wa bodaboda apelekaye abiria kutoka Mbagala hata Temeke, au kutoka Mwananyamala hata Kinondoni, akikata kilometa hizo 70 kila siku, naye baada ya miaka minne atakuwa amemaliza masafa yale yale. Ameizunguka dunia mara mbili na nusu bila ya kutoka Dar es Salaam. Mmoja huitwa msafiri shujaa. Mwingine aghalabu huitwa mhuni. Tofauti yao si masafa, bali kalamu.

Sisemi hivi ili kuwapunguzia sifa waliotangulia. Jangwa ni jangwa, na aliyelivuka amelivuka. Lakini ushujaa wao ulisimama juu ya mambo mawili: injini iwezayo kufunguliwa na kufungwa tena njiani, na watu wa njiani wenye huruma. Mambo hayo yote mawili yapo Temeke na Kinondoni. Chini ya mwembe fundi hufungua injini, huosha vipuri kwa petroli, hubadili pete za pistoni, na jioni chombo hunguruma tena. Maarifa hayo hupita kutoka mkono hata mkono, hayajaandikwa.

Kutoandikwa huko kuna gharama. Mtu asiyehesabiwa kuwa msafiri hahesabiwi vema hata anapoanguka. Sheria ya Tanzania iliweka kanuni za pikipiki za abiria mwaka 2010, lakini kanuni haitoshi iwapo barabara haina nafasi yake, kofia ngumu ni moja kwa watu wawili, na hesabu ya tajiri wa chombo hudaiwa kila jioni hata siku ya mvua. Basi mwanahistoria asingoje mgeni apite na daftari lake. Wazee waliopanda BSA na Triumph katika mji huu wanapungua, na vijana wanaopanda leo wanakufa kabla ya uzee. Yafaa waulizwe wangali hai.