Nuru ya Magharibi: Historia Mbili za Kuona

Huko Machochwe, wilayani Serengeti, jua likizama ng'ombe hurejeshwa zizini, naye mchungaji hana budi kuyatambua mawe na miiba ya njia katika nuru hafifu. Jicho huwezaje kuitumia nuru ndogo hiyo? Swali hili lina historia mbili, na kusudi la insha hii ni kuonyesha kwamba moja haitoshi pasipo ya pili.

Historia ya kwanza ni ya maabara. Mwaka 1933 George Wald aligundua kwamba vitamini A imo katika retina, yaani utando wa ndani ya jicho upokeao nuru. Na kwa kazi aliyoiendeleza tangu hapo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Ilidhihirika kwamba nuru hugeuza umbo la molekuli itokanayo na vitamini hiyo, nayo haifai tena mpaka irudishiwe umbo lake la awali. Ni nani mrudishaji? Jibu lilikawia. Protini iitwayo RPE65, iliyo katika tabaka la nyuma ya retina, ilielezwa mwaka 1993. Walakini ni mwaka 2005 ndipo ilipothibitishwa kuwa ndiyo kimeng'enya chenyewe, baada ya jeni yake kutiwa katika chembe zilizokuzwa maabarani, nazo zikakitengeneza. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kuwapa jeni nzima wale waliozaliwa na jeni mbovu.

Historia ya pili ni ya wodi ya watoto. Katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, madaktari waliona jinsi surua ilivyowapofusha na kuwaua watoto ambao miili yao ilikuwa na upungufu wa vitamini A. Basi watoto 180 wenye surua waligawanywa kwa kura. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987: katika 92 waliopata matibabu ya kawaida tu, walikufa 12, katika 88 walioongezewa vitamini A kwa siku mbili, walikufa 6. Kwa walio chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kubwa zaidi: 7 kati ya 42, na 1 kati ya 46.

Mtu asije akadhani kwamba historia hizi zashindana. Kimeng'enya ni mfano wa mhunzi: hufua upya chuma kilichopinda, lakini chuma chenyewe hakiumbi. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini A pasipo chakula. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa na jeni nzima kabisa aweza kushindwa kuona magharibi, kwa kukosa maziwa, maini, mboga za majani au maembe. Huyo hahitaji tiba ya jeni. Ahitaji chakula, matone ya vitamini na chanjo ya surua. Maabara imetueleza kwa nini haoni. Kumwonesha njia ya zizini ni kazi ya jikoni na zahanati.