Uhakiki wa Maktaba: Haki Kwanza, Kisha Hakika

Ukimwambia mtu wa Morogoro kwamba umeshinda kutwa nzima ukihakiki maktaba, atakuuliza vitabu vingapi vimeliwa na mchwa. Si kosa lake. Sisi tunaoandika habari za kompyuta tulilichukua jina la nyumba ya vitabu tukalivisha kitu kisicho na rafu wala mkutubi, kisha tukalichukua neno la mwalimu wa fasihi tukalipa kazi ya kulinda lango. Nataka kuyatetea maneno yote mawili, la kwanza kwa shingo upande kidogo, la pili kwa moyo mweupe.

Tuanze na maktaba. Mwandishi wa programu hafanyi kila kitu kwa mkono wake. Akitaka kubana faili lichukue nafasi ndogo, au kufungua picha, au kuficha ujumbe usisomwe njiani, hutumia kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine na kukusanywa mahali pamoja ili yeyote aziite. Mkusanyo huo ndio maktaba. zlib, iliyotoka mara ya kwanza 1995, ni maktaba ya kubana data, na ni nadra kukuta kompyuta au simu isiyokuwa nayo. Lakini hutaiona. Haina dirisha wala kitufe cha kubofya. Inangoja tu kuitwa na programu nyingine.

Jina linapotosha mahali pamoja. Kitabu kikiazimwa, rafuni hubaki pengo. Hapa programu mia zaweza kusoma nakala ileile kwa wakati mmoja na hakuna anayengoja zamu. Linapofaa ni pale kosa linapogunduliwa. Kitabu cha maktaba kikisahihishwa, kila msomaji wa kesho atasoma kilicho sahihi, ila yule mwanafunzi aliyenakili sura nzima kwenye daftari lake atabaki na kosa lake, naye pengine hajui kuwa ni kosa. Ndivyo ilivyokuwa 2002, zlib ilipopatikana na hitilafu ya kiusalama. Kusahihisha maktaba yenyewe kulikuwa kazi ndogo. Taabu ilikuwa kuzisaka programu zilizokuwa zimejinakilia zlib ndani ya matumbo yao, moja baada ya nyingine. Tangu hapo, ukipeleka maktaba yako ipokelewe katika mfumo endeshi, mojawapo ya maswali utakayoulizwa ni hili: je, ndani yake umeficha maktaba ya mwenzako?

Na inapokelewa wapi? Linux yenyewe ni kiini tu. Anachosakinisha mtu ni kiini hicho pamoja na maelfu ya vifurushi vilivyopangwa vikapatana: Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock 1993, au Fedora, au Ubuntu. Mpangilio huo mzima tuuiteje? Wengine wamejaribu "usambazaji", lakini huo ni utendaji, si kitu. Huwezi kusakinisha usambazaji. "Mgao" lingekuwa neno zuri kama Watanzania hawangelisikia na papo hapo kutafuta mshumaa. Vijana wanaofanya kazi hii husema "distro", nami nimewafuata. "Kifurushi" halina ugomvi, ingawa msomaji wa kawaida hununua cha wiki au cha mwezi. Mahali vifurushi vinapohifadhiwa napaita ghala.

Sasa tuje kwenye lango la ghala. Maktaba mpya haiingii hivihivi. Debian ina foleni yake, jina lake NEW, ambako kila kifurushi chenye jina jipya husubiri mpaka mtu, si mashine, akisome na kukikubali au kukirudisha. Fedora hufanya mapokezi yake hadharani: aliyeandaa kifurushi hufungua ombi, mwenzake hukijenga upya mahali pasafi, hukipitisha kwenye vyombo vya kukagua, kisha huandika kimoja kimoja kilichotimia na kilichopungua. Mtu hawezi kujipitishia kifurushi chake, na anayekuja mara ya kwanza hutafutiwa mdhamini, kama anayekopa kwenye chama cha kuweka na kukopa.

Shughuli hiyo ya langoni ndiyo iliyonisumbua kuipa jina. "Mapitio" ni neno la upole mno: bajeti hupitiwa, sera hupitiwa, na mara nyingi mwisho wa mapitio kila kitu hubaki palepale. "Ukaguzi" lina uzito, lakini mkaguzi huja baada ya shughuli. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huangalia fedha zilizokwisha tumika. "Upekuzi" ni la forodhani, na tayari limemtia mtu hatiani kabla hajafungua sanduku. "Tathmini" hutoa thamani au alama, wakati hapa hakuna alama: unapita au hupiti.

Likabaki "uhakiki". Mwanafunzi wa kidato cha nne analijua kwa tamthilia na riwaya. Mtumishi wa umma wa Tanzania analijua kwa jingine kabisa: 2017, uhakiki wa vyeti uliwaondoa kazini watu zaidi ya 9,900. Yule wa vyeti ndiye ndugu wa karibu wa huyu wetu. Kuna karatasi, kuna madai yaliyoandikwa juu yake, na kuna mtu aliyekaa kulinganisha madai na ukweli. Na zaidi ya matumizi, kuna mzizi. Hakiki, hakika na haki yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, na kwa bahati ambayo mfasiri huipata mara chache, hayo ndiyo maswali mawili anayouliza mtu wa langoni. Je, tuna haki ya kukigawa kitu hiki? Je, kwa hakika ndicho kinachosemwa?

Wageni wa kazi hii hudhani swali la pili ndilo kubwa. Kwenye foleni ya Debian kinachosomwa kwa jicho kali kuliko vyote ni haki: leseni na hakimiliki, faili kwa faili. Debian ina miongozo yake ya programu huru tangu 1997, na mojawapo ya masharti yake ni kwamba leseni isimbague mtu wala shughuli yoyote. Ndiyo maana kuna leseni inayotamka kwamba programu itumike kwa mema, si kwa maovu, nayo imekataliwa Debian na Fedora pia. Nani hapendi mema? Lakini sharti ni sharti, na hakuna aliyekabidhiwa mizani ya kupimia mema ya wenzake. Mara ya kwanza niliposoma habari hiyo nilicheka, mara ya pili nikaona wana hoja. Hurudishwa vilevile msimbo uliominywa ukawa mstari mmoja usiosomeka, kama ule wa asili haukuambatanishwa, kwa sababu haki ya kurekebisha kitu usichoweza kukisoma ni haki ya maneno matupu.

Maktaba ina mtihani mmoja wa ziada ambao programu za kawaida hazina. Kwa kuwa wengine wanaiegemea, inabeba namba ya ahadi katika jina lake. Kifurushi cha liblzma5, kwa mfano, kinasema: programu zilizozoea namna ya tano ya kuniita hazitavunjika. Siku waandishi wakibadilisha namna ya kuitwa, namba lazima ipande, na kwa kuwa kifurushi kitakuwa na jina jipya, Debian hukirudisha kwenye foleni kama mgeni. Anayehakiki huangalia kama ahadi ilivunjwa kimyakimya, namba ikaachwa ileile. Kosa hilo halimwumizi aliyelitenda. Linaziangusha programu za watu wengine, ambao hata hawajui jina lake.

Ubuntu ina lango la pili. Jina lake, kwa njia, ni la Kibantu cha kusini mwa Afrika na ndugu yake wa damu ni "utu" wetu, kwa hiyo hapa angalau hatuhitaji kamati ya istilahi. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004, na sehemu kubwa ya vifurushi vyake hutoka Debian. Vilivyo vingi hukaa kwenye ua wa nje. Vinavyotunzwa na Canonical yenyewe, kampuni iliyo nyuma ya Ubuntu, hukaa sehemu kuu. Kifurushi kikitaka kuhamia huko huhakikiwa upya, na miongoni mwa maswali limo hili ambalo ni la kiutawala kuliko la kiufundi: kundi gani la watu litakubali kukibeba? Kama kinasoma data kutoka kwa watu usiowajua, au kinaendeshwa kwa mamlaka yote ya mfumo, watu wa usalama nao hukisoma. Mara nyingi maktaba hufika hapo bila mtu kuitamani. Programu fulani imeingia sehemu kuu, nayo inaegemea maktaba hiyo, basi inabidi iletwe kama mtoto anayefuatana na mama yake arusini.

Liblzma niliyoitaja juu sikuichagua hivihivi. Ni maktaba ya mradi wa xz, nayo pia kazi yake ni kubana data. Kwa miaka mingi iliendeshwa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa muda wake wa ziada. 2021 akaanza kujitokeza msaidizi mwenye jina la Jia Tan, jina ambalo mwenye nalo hajajulikana hadi leo. Alileta marekebisho mazuri, akajenga imani, akapewa funguo. Februari na Machi 2024 yakatoka matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakiwa na sumu. Tarehe 29 Machi, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza alichokiona. Alikuwa akipima kasi ya kazi yake kwenye Debian ile ya wanaojaribu vitu vipya, akashangaa kuona sshd, programu ya kuingilia kompyuta kutoka mbali, ikila nguvu nyingi na kuchelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao.

sshd haina haja na xz. Lakini Debian, Fedora na wengine walikuwa wameiongezea kiraka cha kuwasiliana na systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, na maktaba ya systemd nayo iliita liblzma. Sumu ilipitia uchochoro huo. Tazama sasa ilivyofichwa. Ilikaa ndani ya faili za majaribio zilizofanana na sampuli zilizoharibika kwa makusudi, na maagizo ya kuifungua yalikuwa ndani ya bunda la toleo peke yake. Katika daftari la wazi la mradi, ambalo kila mtu angeweza kulisoma, hayakuwamo. Bunda na daftari vilidai kuwa kitu kimoja, na havikuwa kitu kimoja.

Kwa upande wa haki, xz ingepita bila doa. Ni hakika iliyokosekana, nayo ilikosekana kwa sababu ya mpangilio wa lango kuliko uzembe wa mlinzi: foleni huwahoji wageni, na xz ilikuwa mwenyeji wa miaka mingi. Toleo jipya la kifurushi kilichokwisha pokelewa hupita mlango wa wenyeji. Debian imara haikuguswa, kwa kuwa yenyewe hupokea mambo polepole. Ubuntu iliahirisha toleo la majaribio la 24.04 kwa wiki moja ili ijenge upya vifurushi vyake.

Kwa hiyo "uhakiki" nimelibakiza kwa kazi ya langoni tu. Kwa yule anayekaa na kifurushi baada ya lango, mwaka hadi mwaka, nilikuwa nikiandika "msimamizi", lakini msimamizi ninayemjua mimi ana mshahara na ofisi. Siku hizi naandika "mlezi". Mhariri mmoja alinirudishia rasimu yenye "mlezi wa maktaba" akiwa ameweka alama ya kuuliza pembeni na swali: ni maktaba ya shule ya awali? Nikamjibu hapana, nikaliacha lilivyo.